Kalala Ilunga: Maisha na Urithi wa Mwanzilishi wa Ufalme wa Waluba

Anayesoma falsafa katika chuo chochote cha nchi yetu hukutana mapema na wazo la Plato kwamba miji haitapata utulivu mpaka watawala wawe wanafalsafa, au wanafalsafa wawe watawala. Hutajiwa pia Marcus Aurelius, kaizari wa Roma aliyefariki mwaka 180, ambaye aliandika tafakari zake kwa Kigiriki huku akiongoza vita. Mifano hiyo ni mizuri. Tatizo ni kwamba inamwacha mwanafunzi wa Kolwezi akidhani kuwa swali la mtawala mwenye hekima liliulizwa ng'ambo tu, na kwamba bankambo zetu walipokea wafalme kama mtu anavyopokea mvua na jua, bila kuwapima.

Si kweli. Kaskazini yetu, penye maziwa na mabwawa ya mto Lualaba, swali hilo limeulizwa kwa karne nyingi kupitia maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Kalala Ilunga, ambaye Waluba wanamtaja kuwa mwanzilishi wa ufalme wao. Hakuacha kitabu. Aliacha masimulizi, desturi na vyeo, na ndani yake mna fundisho moja ambalo makala haya yanataka kulitetea: kuwa na nguvu si kuwa mfalme. Nguvu mtu anaweza kuzaliwa nazo au kuzinyakua. Ufalme hufundishwa, na somo lake la kwanza ni kujizuia.

Mtu au hadithi?

Kwanza tuseme wazi tunamzungumzia nani. Kalala Ilunga hana tarehe ya kuzaliwa. Habari zake zilitunzwa kwa mdomo katika mabaraza ya wafalme, na nyingi zilichapishwa katika karne ya 20 na wamisionari na maofisa wa kikoloni, kama vile Padre Colle mwaka 1913 na Verhulpen mwaka 1936. Mwaka 1981 mwanahistoria Thomas Reefe alitoa kitabu kizima juu ya ufalme wa Waluba. Baada ya kazi kama hiyo, hakuna tena msomi makini anayesoma masimulizi ya mwanzo kana kwamba ni daftari la matukio. Yanasomwa zaidi kama katiba: maelezo ya namna utawala unavyotakiwa kuwa, yaliyowekwa katika umbo la maisha ya mtu.

Hata hivyo katiba hiyo haikuelea hewani. Mwaka 1957 na 1958 wanaakiolojia walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, na baadaye Pierre de Maret akaiendeleza kazi hiyo. Walikuta vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, mapambo ya shaba na vyombo vya chuma, na ushahidi kwamba watu waliishi pale mfululizo tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Katika makaburi ya nyakati za karibu zaidi, kuanzia karne ya 14 hivi, imo misalaba ya shaba, na kadiri miaka ilivyopita misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kulingana kwa ukubwa, dalili kwamba ilikuwa imegeuka fedha. Bonde la Upemba halina shaba. Shaba ilitoka kusini, katika ukanda huu tunaoishi sisi. Kwa hiyo mtu wa Kolwezi akisikia habari za Kalala Ilunga asidhani anasimuliwa nchi ya mbali. Madini ya kwetu yalikuwa mikononi mwa watu hao zamani sana.

Mjomba na baba

Masimulizi yana matoleo mengi. Hapa nafuata mambo ambayo matoleo yanayojulikana zaidi yanakubaliana, na penye tofauti kubwa nitasema.

Mwanzo kulikuwa na Nkongolo Mwamba. Jina lake ni jina la upinde wa mvua, ambao Waluba waliuona kama nyoka wa angani anayeizuia mvua isinyeshe. Anaelezwa kuwa mtu mwekundu, shujaa wa vita, mlevi na mkatili. Alikula na kunywa mbele ya watu wote, alicheka huku amepanua kinywa, na aliishi na dada zake kama wake zake. Mji wake ulikuwa Mwibele, karibu na ziwa Boya. Hakuna toleo linalosema kwamba alikosa nguvu. Alishinda na akatiisha nchi. Alichokosa ni mpaka. Chochote alichokitamani alikichukua, na chochote kilichomkera alikiharibu.

Ndipo akafika mwindaji kutoka mashariki ya Lualaba, jina lake Mbidi Kiluwe, mtoto wa ukoo wa kifalme. Rangi yake ilikuwa nyeusi ya kung'aa. Nkongolo alimkaribisha, na dada zake wawili, Bulanda na Mabela, wakawa wake za mgeni. Lakini mwenyeji alianza kushangaa. Mgeni hakula naye. Alitaka kula peke yake, mahali pasipo na macho ya watu. Akicheka hakuonyesha meno. Nkongolo aliziona tabia hizo kuwa dharau. Aliyemweleza maana yake alikuwa mganga mkuu, Mijibu wa Kalenga: hizi si dharau, ni adabu za kifalme, na mtu wa namna hii anahitaji ua wake na watu wa kumpikia.

Hapa msomaji wa leo anaweza kuuliza: kula faraghani kuna uhusiano gani na utawala bora? Tuangalie mambo yote yanayofanana katika sehemu hii. Kula, kunywa, kucheka na kufoka vyote vinapitia kinywani, na kinywa ndicho mlango wa tamaa. Mtawala anayekula hadharani anawaonyesha watu njaa yake, naye mwenye njaa inayoonekana ni rahisi kuogopwa na ni rahisi kununuliwa. Anayefunga kinywa chake mbele ya watu anatangaza kwamba, akiwa mbele yao, matamanio yake si jambo la kwanza. Ndiyo maana kwa Waluba adabu hizi zilikuwa sheria zenye uzito, na kwa vizazi vingi hakuna aliyeruhusiwa kumwona mfalme akila au kunywa.

Mbidi na mwenyeji wake hawakuelewana. Mgeni akarudi kwao, akiwaacha wake zake na mimba. Inasimuliwa kwamba alipofika Lualaba alimwachia agizo mvushaji wa mitumbwi: akija mtu mweusi amvushe, akija mwekundu amkatalie. Bulanda akazaa mtoto wa kiume, akaitwa Ilunga. Mabela akazaa mapacha, Kisula na Shimbi. Ilunga akakulia kwa mjomba wake.

Ni vizuri kukumbuka uzito wa neno hilo. Mahali pengi katika nchi yetu mjomba si ndugu wa mbali. Yeye ndiye mlezi, na mara nyingi ndiye mwenye neno la mwisho. Kijana huyu alilelewa na mwenye nguvu, huku damu ya baba yake ikimvuta kwenye njia nyingine. Sehemu yote inayofuata ni hadithi ya mtu mmoja kati ya malezi hayo mawili.

Mkeka juu ya shimo

Ilunga alikuwa hodari wa mbio, wa ngoma na wa michezo. Alipokuwa mtu mzima aliongoza jeshi la mjomba wake na kuongeza nchi zake, akapata jina la Kalala, cheo cha kiongozi wa vita. Nkongolo alipaswa kufurahi. Badala yake akaona wivu. Toleo moja linasema kwamba walishindana mchezoni, mjomba akashindwa, na mama yake mzazi akacheka. Nkongolo akamzika mama yake akiwa hai. Ukilisoma toleo hilo pamoja na habari za adabu za Mbidi, unaona mantiki yake: asiyeweza kukizuia kicheko chake hawezi kuvumilia kicheko cha mwingine.

Baada ya hapo akaamua kumwua mpwa wake. Alichimba shimo uwanjani, akasimika mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwalika Kalala aje acheze ngoma mbele ya watu. Kalala akaja. Mpiga ngoma alijua siri, na hakuweza kusema kitu bila kuuawa. Alisema kwa ngoma. Kiluba ni lugha ya toni, kama zilivyo lugha nyingi za jamaa zake, na ngoma inaweza kuiga mpando na mshuko wa maneno hata aliyezoea akasikia sentensi nzima. Kalala akasikia onyo. Alicheza akisogea polepole, akachoma mkeka kwa mkuki wake, akaona uwazi chini yake, akaruka na kukimbia mpaka Lualaba. Mvushaji akamvusha. Nkongolo alipofika mtoni akakataliwa, akajaribu kujenga njia ya mawe ili avuke kwa nguvu, akashindwa.

Sisi wa kitivo cha lugha tuna sababu ya kusimama hapa. Katika kisa hiki ufalme mzima unaokolewa na mtu anayejua kusema na mtu anayejua kusikiliza. Silaha hazikusaidia kitu. Kalala alikuwa shujaa kuliko wote, lakini ushujaa wake ungemwangusha shimoni kama asingekuwa na sikio. Hilo ni somo lake la pili, na alilipata kwa mpiga ngoma ambaye hakuwa na cheo.

Kalala alirudi na jeshi la baba yake. Nkongolo akakimbia, akajificha katika mapango ya mlima Kaii. Akapatikana, akakatwa kichwa. Masimulizi hayamfanyi Kalala kuwa mtu asiye na damu mikononi: ufalme wake unaanza kwa kifo cha ndugu wa mama yake. Ni jambo la maana kwamba Waluba hawakulificha. Hata urithi wa nguvu wanaukubali, kwani mfalme aliyefuata alikuwa mpwa wa Nkongolo sawasawa na alivyokuwa mwana wa Mbidi. Swali lilikuwa ni lipi kati ya hayo mawili litakaloongoza jingine.

Maana ya bulopwe

Kalala alijenga mji wake Munza, na kwake panaanza kile kinachoitwa bulopwe. Neno lenyewe linastahili kuangaliwa. Mulopwe ni mfalme, balopwe ni wafalme, bulopwe ni ufalme. Anayezijua ngeli za Kiswahili ataona mara moja mpangilio ule ule wa mtu, watu na utu. Kama si kila mtu aliye na utu, basi si kila anayekalia kiti aliye na bulopwe. Ni sifa ambayo mtu anaweza kuipata na kuipoteza, na kwa sababu hiyo ilihitaji walinzi.

Walinzi hao ndio sehemu ya urithi wake inayonishangaza zaidi. Mfalme wa Waluba hakutawala peke yake. Kulikuwa na Twite, mkuu wa vita, na Inabanza, mwenye kutunza alama takatifu za ufalme. Nguvu na utakatifu viliwekwa katika mikono miwili tofauti. Kulikuwa na waganga, warithi wa kazi ya Mijibu. Na kulikuwa na chama cha Mbudye, ambacho wanachama wake walifundishwa historia ya ufalme, nasaba, miiko na majina ya mahali, na walipaswa kuyakariri mbele ya watu kwa maneno na kwa ngoma.

Chombo chao maarufu ni lukasa. Ni ubao unaoenea mkononi, uliobana kidogo katikati, uliopambwa kwa shanga, kauri na michongo. Mjuzi huushika kwa mkono wa kushoto na kuufuata kwa kidole cha mkono wa kulia. Ushanga mmoja unaweza kuwa mfalme, mstari wa shanga unaweza kuwa njia au safari, duara linaweza kuwa mji au ua wa mfalme. Lukasa haisomwi kama ukurasa wa kitabu, neno kwa neno. Msomaji huchagua kulingana na mahali, wasikilizaji na jambo linaloamuliwa. Nkongolo, Mbidi na Kalala wamo ndani yake. Kwa hiyo kila mfalme mpya alijua kwamba kuna watu wenye uwezo wa kushika ubao na kumlinganisha mbele ya wote: je, anafanana na mjomba au anafanana na baba?

Hata kifo kilikuwa na mpango wake. Mfalme alipofariki, roho yake iliaminika kumwingia mwanamke, aliyeitwa Mwadi, naye akakaa katika mji wa marehemu na kutunza alama zake. Mrithi hakuhamia katika nyumba ya mtangulizi. Alijenga mji mpya. Wachongaji wa Waluba, ambao kazi zao sasa zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, walichonga viti na fimbo za wafalme kwa sura ya mwanamke. Mtu akalie kiti kinachobebwa na mwanamke, na akumbuke kwamba ufalme ulipita kwa Bulanda kabla ya kumfikia yeye.

Urithi, na mizani yake

Haiwezekani kusifu fundisho bila kuangalia waliolipokea. Mwingereza Cameron, aliyeivuka Afrika kati ya mwaka 1873 na 1875, alikaa miezi katika nchi ya mfalme Kasongo Kalombo, mmoja wa warithi wa Kalala Ilunga. Alieleza mtawala mkali aliyewakata watu viungo, wakati ambapo wafanyabiashara wa watumwa kutoka pande zote mbili za bahari walikuwa wamekwisha kuingia nchini. Baada ya Kasongo Kalombo ndugu waligombania kiti, na ufalme ukagawanyika katika nyumba mbili, Kabongo na Kasongo Nyembo. Wabelgiji waliuhifadhi mgawanyiko huo. Kasongo Nyembo aliyewapinga alikamatwa mwaka 1917 na kupelekwa uhamishoni. Katika miaka hiyo damu ya mjomba ilionekana mara nyingi kuliko damu ya baba. Lakini hilo halilibatilishi fundisho. Plato pia alikwenda Siracusa kumfundisha mtawala, akashindwa. Tofauti ni kwamba Waluba walikuwa na jina la kumwita mtawala wa namna ile. Walimwita Nkongolo.

Upande mwingine, hadithi ilisafiri. Katika masimulizi ya Walunda, mwindaji kutoka kwa Waluba aitwaye Chibinda Ilunga, ambaye matoleo mengi yanamweka katika ukoo wa Kalala Ilunga, alifika kwa malkia Ruweji. Malkia akamwoa, akampa lukano, bangili ya ufalme, na kaka zake waliochukizwa wakahama. Kutoka hapo ukatokea ufalme wa Mwant Yav, ambao makao yake, Musumba, yamo Kapanga, katika jimbo letu la Lualaba. Wanahistoria wanabishana kama kisa hicho kinaeleza ndoa kweli au mapatano ya mataifa mawili. Hata hivyo umbo lake ni lile lile: anakuja mgeni, hana jeshi, ana adabu na ujuzi wa kuwinda, na wenyeji wenye hekima wanamfanya ndugu.

Ndiyo sababu maisha haya yanaugusa mji wetu kuliko tunavyopenda kukiri. Kolwezi ilijengwa na watu waliotoka mbali kuja kuchimba shaba. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Waliishi kwenye vituo vya treni wakingoja mabehewa, na wengi walifia hapo au njiani. Wazazi wetu waliyaona hayo, na walio wengi hawapendi kuyasimulia. Waliofukuzwa walikuwa wengi wao Waluba wa Kasai, watu ambao masimulizi yao wenyewe yanataja asili ya mashariki, upande wa nchi hii ya Nkongolo na Kalala Ilunga. Baadhi ya waliowafukuza pia waliitwa Waluba. Wengine walikuwa Walunda, ambao wafalme wao wanasimuliwa kuwa watoto wa mgeni. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hadithi yake ya asili ilimruhusu kumfukuza mgeni. Bankambo wote walikuwa wamesema kinyume chake: kwamba ufalme mwema uliletwa na aliyekuja kutoka ng'ambo ya mto, na kwamba aliyemchukia mgeni akaishia pangoni.

Tangu mwaka 2015 Katanga ya zamani imegawanyika katika majimbo manne. Munza na Upemba sasa vimo katika Haut-Lomami, na sisi tumo Lualaba. Ni rahisi kuona Kalala Ilunga kuwa mali ya jimbo lile, Ruweji mali ya jimbo hili, na kila mmoja kulinda wa kwake. Tukifanya hivyo tutakuwa tumezisoma habari zao kwa jicho la Nkongolo, jicho la anayemiliki.

Kuna kazi ambayo wanafunzi wa lugha wanaweza kuifanya vizuri kuliko wengine. Wajuzi wa Mbudye waliobaki ni wachache, na vijana wengi wa mitaa yetu, mimi nikiwa mmoja wao, tumesikia kisa cha mkeka na shimo kwa Kiswahili, si kwa Kiluba. Hilo si aibu. Hadithi iliyovuka Lualaba inaweza kuvuka lugha pia. Lakini kila toleo lichukuliwe lilivyo, pamoja na lugha yake, mahali lilipotolewa na aina ya mtu aliyelitoa, bila kulilazimisha lifanane na lile la kitabuni. Tukifanya hivyo katika Kiluba, Kilunda, Kisanga na Kiswahili chetu cha hapa, tutakuwa tumeendeleza kazi ya wasomaji wa lukasa: kuwa na kitu mkononi cha kumwonyesha mwenye nguvu, awe mfalme, awe mkubwa wa serikali au wa kampuni ya madini, na kumwuliza ni yupi kati ya wale wawili anayefanana naye.